Foki Aliyoichagua Futi

Futi alikuwa fundi cherehani, na jina hilo alipewa na mtaa kwa sababu ya futikamba iliyokuwa ikimning'inia shingoni tangu anapofungua duka mpaka anapokwenda kuoga. Mimi nilikuwa natengeneza redio na pasi katika nusu ya pili ya chumba hichohicho. Kilichotutenganisha ni pazia tu, kwa hiyo mengi ya haya niliyasikia kwa masikio yangu, na mengine alinisimulia mwenyewe baadaye, kidogo kidogo, pini zikiwa mdomoni.

Kwa kushona alikuwa ameiva. Mtu akiingia mlangoni, Futi alishajua upana wa mabega yake kabla hawajasalimiana; futikamba ilikuwa ya kuwaridhisha wateja. Na kuna mtu mmoja ambaye hakuwahi kumwekea futikamba tangu wafunge ndoa, naye ni mkewe, Mama Pacha. Nguo zake zote alizishona kwa kichwa. Mama Pacha alinenepa, akapungua, akazaa mabinti pacha, akanenepa tena, na kila mara gauni lilimkaa kama limemwagwa mwilini.

"Huyu nimemhifadhi hapa," Futi alipenda kusema, akijigonga kipaji cha uso. Ungemwona ungedhani anazungumzia hati ya nyumba.

Mama Pacha alikuwa msoma mita wa ofisi ya maji. Mabinti walishaolewa na kwenda zao, na yeye alikuwa amefika umri ambao wenzake ofisini walikuwa wanaomba kazi za kukaa mezani, lakini hakutaka. Eneo lake lilikuwa kule juu, kwenye nyumba zilizotawanyika kilimani, njia za changarawe na makorongo, na alilizunguka kwa baiskeli ya milimani yenye matairi manene na fremu ya rangi ya chungwa. Jioni alirudi na vumbi mpaka kwenye nyusi, akicheka peke yake kwa jambo aliloliona njiani.

Sasa, foki ya baiskeli ile ikafa. Foki ndiyo ile mikono miwili inayoshika gurudumu la mbele, na ya kwake ilikuwa ya springi, ya kubonyea ukipita shimoni. Ilianza kuvuja mafuta, ikawa inabonyea bila kurudi, na inalia kama mlango wa ghala. Mama Pacha akaipeleka kwa Spoku.

Spoku alikuwa na karakana yake nyuma ya mashine ya kusaga, kibanda cha mabati chenye baiskeli zimening'inizwa darini kama nguo kabatini. Alikuwa mwanamume mrefu, mwenye pengo la jino la mbele, hana mke. Tena alikuwa na tabia moja hatari: alijua kusikiliza. Ukimweleza baiskeli yako ina shida gani, aliacha kila kitu, akakutazama mdomoni mpaka umalize.

Basi kuanzia hapo, nyumbani kwa Futi hakikuliwa chakula bila Spoku kuwapo mezani.

"Spoku anasema kuitengeneza ile springi ni kujisumbua," Mama Pacha alisema. "Anasema bora niweke foki kavu."

"Foki kavu ndiyo nini?"

"Isiyo na springi. Chuma kitupu. Spoku anasema ni nyepesi, haina mafuta, haina cha kuharibika. Kwa njia zangu na mwendo wangu inatosha kabisa. Nipunguze tu upepo kidogo kwenye tairi la mbele, basi lile tairi ndilo litakuwa springi yangu."

"Spoku anasema."

"Ndiyo, anasema. Si ndiye fundi?"

Futi akalitafuna tonge lilelile muda mrefu. Alikuwa ameishi na mwanamke huyu miaka yote hiyo, wala hakujua kwamba ana mwendo. *Mwendo wangu.* Maana yake mwanamume mwingine alimuuliza, naye akamweleza.

Siku moja Futi alikuwa anampelekea mteja suti. Njia ya kwenda kwa mteja huyo haipiti kabisa kwenye mashine ya kusaga, lakini yeye alipita huko. Akasimama kando ya magunia ya pumba, suti mkononi, akachungulia karakanani. Mama Pacha alikuwa ameegemea nguzo, amevua viatu, amesimama wima katika suruali ya kazi ambayo Futi mwenyewe aliishona. Spoku kachuchumaa mbele yake na futikamba ya chuma, ile ya maseremala inayojikunja yenyewe, anapima mguu kutoka sakafuni kwenda juu. Mama Pacha akasema neno. Spoku akacheka mpaka futikamba ikamponyoka, ikajikunja kwa kishindo, na Mama Pacha naye akacheka.

Suti ilifika kwa mteja imekunjamana upande mmoja wote, pale ilipokamatwa.

Jioni hiyo Futi hakungoja hata mkewe anawe.

"Leo umepimwa."

"Nimepimwa nini?"

"Mguu."

"Ah, ule! Anataka kujua kiti kikae wapi, ili foki ikija…"

"Kwa nini hakuniuliza mimi? Mguu wako naujua. Angekuja dukani ningemtajia."

Mama Pacha akaweka sufuria chini. "Baba Pacha, wewe kutwa nzima unazungusha futikamba kwenye viuno vya wake za watu. Niliwahi kununa?"

"Ile ni kazi."

"Na yeye yuko disko?"

Futi akanuna. Na kununa alikujua: aliongea na paka, akaliongelesha jiko, akasalimia hadi kuta, ila mkewe alimpitia kama nguzo ya umeme.

Wiki hizo kazi yake ilimshinda. Alishona koti la mtu mkono wa kulia ukakaa kushoto. Alikata kitambaa cha mama mmoja kifupi, akabaki anakitazama kama kimekatwa na mchawi. Nilimsikia upande wa pili wa pazia akizungusha gurudumu la cherehani kwa hasira, halafu sauti:

"Hivi, mwanamume akiwa na pengo mbele, wanawake wanamwonea huruma au wanamwona mzuri?"

Nikamwambia mimi ni fundi wa redio.

"Nakuuliza tu," akasema. "Usidhani kuna kitu."

Mama Pacha, masikini, hakujua kunyamaza. Au alijua lakini hakuona kosa la kulinyamazia. Akaja na habari kwamba Spoku ameagiza foki kwa mtu wake, lakini itachelewa, kwa sababu si kila foki inakubali fremu ile.

"Foki ni foki," Futi akasema. Ilikuwa sentensi yake ya kwanza kwa mkewe baada ya kimya kirefu.

"Spoku anasema sivyo."

Hapohapo, aliniambia baadaye, ndipo alipoamua. Foki ataileta yeye. Ataileta kabla ya yule bwana, tena nzuri zaidi, na mkewe atakuwa amekaa juu ya kitu kilichotoka mkononi mwa mumewe kila akipanda kilima. Kama ni kupima, yeye alizaliwa na kupima.

Akasubiri mkewe aingie kuoga, akaiinamia baiskeli, iliyokuwa imerudishwa uani kungoja foki. Na alipima kweli, si mchezo. Alipima unene wa shingo ya foki, ile fimbo inayopanda ndani ya fremu hadi kwenye usukani, na urefu wake. Alipima upana wa pale ekseli inapokaa. Alipima kimo cha gurudumu. Akatazama breki, akaona ni za sahani, si za kubana rimu, akajua kwamba foki mpya lazima iwe na mahali pa kuzifungia. Yote akayaweka kichwani, bila kuandika popote, kama alivyoweka vipimo vya mwenye baiskeli.

Sokoni kwenye vyuma vilivyotumika akaipata. Ilikuwa nyeusi, imenyooka, inang'aa kama kiatu cha harusi. Shingo ilikubali. Ekseli ilikubali. Mahali pa breki palikuwapo. Akachukua gurudumu la kimo kilekile lililokuwa pale, akalitia, nalo likakaa vizuri sana, juu ya tairi pakabaki upenyo mwembamba tu, safi, kama mkono wa shati ulioshonwa barabara kwapani. Ule upenyo ndio ulimpumbaza. Jicho lake la ushonaji lilipenda kitu kilichokaa karibu na mwili.

Muuza vyuma, mzee aliyekuwa amekalia tairi la lori, akamuuliza, "Hiyo baiskeli ilikuja na foki gani? Ya springi?"

"Ndiyo."

"Basi kamuulize kwanza fundi wake, maana urefu…"

"Fundi wake ni mimi," Futi akamkata.

Mzee akaitazama ile futikamba shingoni, akainua mabega. Mteja ameshasema.

Siku Mama Pacha alipokwenda kumtazama dada yake, Futi akaikokota baiskeli hadi sokoni, foki ikabadilishwa. Akairudisha nyumbani, foki ya zamani akaiegemeza ukutani, akaiosha baiskeli hadi kwenye spoku za magurudumu, kisha akaizungushia foki kitambaa chekundu kilichobaki kwenye gauni la mtu na kukifunga kwa fundo la maua. Mkewe aliporudi alikuta mumewe amesimama uani, mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyeshinda mtihani.

"Nani ameweka?"

"Mimi."

"Wewe? Umeijuaje?"

"Mimi si fundi?"

Mama Pacha akafungua fundo polepole. Akaipanda baiskeli, akazunguka uani. Alipofika kwenye kona ya karo la kufulia, usukani ulimgeukia haraka kuliko alivyotaka, akaweka mguu chini.

"Mbona kama imeinama mbele?"

"Utaizoea. Ile ya springi ilikuwa inakuinua bure."

Akamtazama mumewe. Futi alisema alimtazama muda, na yeye wakati ule alidhani ni mapenzi.

"Asante, mume wangu," akasema. Hakuwa amemwita hivyo tangu mabinti waanze kutembea.

Kesho yake Futi alipita kwenye mashine ya kusaga kwa makusudi, kifua mbele.

"Yule mtu wako wa foki," alimwambia Spoku, "mwambie asihangaike. Nimeshamaliza."

Spoku akanyanyua kichwa. "Umeweka ipi, shemeji?"

"Shemeji kwa nani?"

"Naomba tu kuiona."

"Ya nini? Nguo ikishavaliwa haijaribiwi tena."

Akaondoka akitembea kama mtu aliyevaa viatu vipya.

Siku zilizofuata alishona akiimba, mpaka nikaongeza sauti ya redio. Nyumbani, jina la Spoku liliacha kutajwa. Mama Pacha alirudi jioni akiwa kimya, akakaa akijisugua viganja, na ile kawaida yake ya kucheka peke yake ikaisha. Futi aliona. Lakini alijiambia kwamba kama kicheko kilikuwa kinatoka karakanani, afadhali kiishe.

Halafu mchana mmoja simu yake ikalia. Nilimsikia akisema, "Nani? Wapi?" na mkasi ukaanguka. Alitoka mbio akamwacha mteja amesimama mikono imenyooshwa, nusu amepimwa. Ni mimi niliyemwambia yule mteja ashushe mikono.

Aliyepiga simu alikuwa Spoku.

Zahanati ilikuwa na benchi refu la mbao ukutani. Spoku alikuwa amekaa mwisho wa benchi, nguo zina grisi na damu kidogo, na mapajani ameweka kiatu. Kiatu cha Mama Pacha. Futi hakuona kitu kingine chochote mle ndani. Alikwenda moja kwa moja, akakinyakua.

"Wewe unafanya nini hapa?"

"Ameanguka kwenye kona ya lile tangi la maji," Spoku akasema. "Mwenye nyumba ya jirani aliona jina na namba ya karakana yangu kwenye fremu, akanipigia. Nimemleta kwa pikapu ya mashine ya kusaga. Namba yako nimeitoa kwenye kibao cha duka."

"Na kiatu?"

"Kilimtoka, shemeji. Nimekiokota."

Muuguzi akatoa kichwa mlangoni. "Mume wa mgonjwa ni nani?"

Wote wawili wakasimama.

Spoku akakaa tena upesi, akatazama sakafu. Lakini Futi alishaona, na kile alichokiona kilimwingia kama sindano chini ya ukucha. Akaingia ndani hajui atalia au atapigana.

Mama Pacha alikuwa amekaa kitandani, mkono umefungwa kifuani, shavu limechubuka. Alikuwa amevunjika mtulinga, ule mfupa mwembamba kati ya shingo na bega. Futi alimtazama, na neno la kwanza kumtoka, Mungu amsamehe, lilikuwa hili:

"Kwa nini umemwita yeye?"

"Sikumwita mtu. Nilikuwa chini."

Futi akaona aibu. Akapiga magoti, akamvalisha mkewe kiatu. "Imekuwaje?"

"Kwenye kona pedali imegonga jiwe. Nikarushwa. Ndiyo hivyo tu."

Hakusema foki. Hata daktari alipouliza, hakusema foki.

Nje, baiskeli ilikuwa imelazwa kwenye pikapu. Spoku aliitazama foki, akamtazama Futi, akafungua mdomo, akaufunga. "Nitaiweka karakanani," alisema mwishowe. "Ukipata nafasi uje." Na ule ukimya wake, wa mtu mwenye neno lakini anakustahi mbele ya watu, ulimuuma Futi kuliko angetukanwa.

Asubuhi iliyofuata alifunga duka, akaenda. Hawakusalimiana. Spoku alikuwa ameshaitoa ile foki nyeusi. Akaiweka juu ya meza ya kazi, akachukua ile ya zamani ya springi, akazilaza ubavu kwa ubavu, mabega, pale mikono inapoachana na shingo, yamelingana. Kisha akarudi nyuma, akamwacha mwenzake aone.

Foki nyeusi ilikuwa imepungua vidole vinne.

"Kuna kipimo kimoja hukupima," Spoku akasema. "Kutoka begani mpaka kwenye ekseli."

"Gurudumu lilikaa."

"Gurudumu litakaa tu. Lakini fremu hii ilichorwa kwa ajili ya foki ya springi, na springi inahitaji nafasi ya kucheza, kwa hiyo foki yake ni ndefu. Ukitaka kuweka kavu, lazima utafute iliyotengenezwa kufuata urefu uleule. Utaona pengo kubwa juu ya tairi, utadhani ni makosa. Siyo. Ukiweka fupi, pua ya baiskeli inainama, usukani unakuwa na wasiwasi, na pedali zinashuka karibu na ardhi. Kwenye uwanja tambarare unaweza usione. Mlimani kwenye kona…"

"Pedali inagonga jiwe."

"Ndiyo."

Futi akaiinua foki nyeusi, akairudisha mezani. Alikuwa amewapima maelfu ya watu. Ukimtoa mkewe, hakuwahi kumshonea mtu suruali bila kupima mguu.

"Alijua?" akauliza.

"Nani?"

"Mke wangu. Alijua kwamba ni fupi?"

Spoku akachukua tambara, akajifuta mikono iliyokuwa safi.

"Alikuja hapa na ile ya zamani begani, baada ya kuiendesha hii mara ya kwanza. Nikamwambia usishuke nayo mlima hata siku moja. Nikataka nimrudishie ile ya zamani, bora ilie, mpaka ya kwangu ifike. Akakataa. Akasema, 'Mume wangu kaichagua mwenyewe. Nikiitoa atajua nimetoka kwako, na nyumbani hapatakalika.' Akasema atakwenda polepole. Toka siku hiyo hakukanyaga hapa."

Futi akakaa juu ya rundo la matairi. Nje mashine ya kusaga ilikuwa inanguruma.

"Nikwambie kitu, shemeji," Spoku akasema, "halafu ukitaka kunipiga, nyundo ile pale. Siku ile alipoondoka na baiskeli mbovu, mimi nilikuonea wivu. Nililala nao. Maana nilifikiria, nani duniani angepanda kitu kibovu kilimani ili mimi nisinune? Sikumpata."

Futi alinyanyua macho. "Unampenda."

"Napenda anavyosimulia habari za kule juu. Zaidi ya hapo hajanipa, wala sijaomba."

Futi aliniambia kwamba alikuwa ameutafuta ukweli huo kwa hamu, kwenye magunia ya pumba, kwenye benchi la zahanati, na sasa alipowekewa mezani hakujua aushike wapi. Alitaka kukasirika. Hasira ilikuja nusu, ikarudi. Yule mtu hakuwa amemwibia kitu. Alikuwa amesikiliza, basi, kitu ambacho Futi angeweza kukifanya bure kila jioni.

"Ile uliyoagiza imefika?" akauliza.

"Zimefika kadhaa. Mtu wangu kaleta fungu zima, hajui ipi ni ipi. Nilikuwa nataka kuzipima."

Futi akavua futikamba shingoni. "Zilete."

Wakachuchumaa wote wawili juu ya gunia. Spoku alianza na foki ya springi, akaivuta mpaka ikasimama urefu wake wote, na Futi akapima kutoka begani hadi ekseli. "Sasa punguza kidogo," Spoku akasema, "maana mtu akishaikalia, springi huzama kiasi. Kavu haizami."

"Kama kumpima mtu suruali akiwa na viatu, halafu unajua atavivua," Futi akasema.

"Hasa."

Foki ya kwanza ilikuwa na urefu mzuri lakini shingo yake ilianza nene chini ikapungua juu, na tundu la fremu lilikuwa jembamba mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo isingeingia hata kwa maombi. Nyingine, nyepesi ajabu, Futi aliipenda mara moja. Lakini ilikuwa ya ekseli nene ya kupenyeza, na gurudumu la Mama Pacha lilikuwa na ekseli nyembamba. Kungekuwa na kununua gurudumu jipya pia. Futi aliing'ang'ania kidogo, akasema inawezekana kutafuta namna. Spoku akamwangalia tu. Futi akaiweka chini.

Iliyobaki ilikuwa ya chuma, nzito kidogo, rangi ya kijivu kama sufuria la zamani. Shingo nyembamba. Mahali pa breki upande sahihi. Futi akapima bega kwa ekseli, akapima tena, akampa Spoku futikamba naye akapima.

"Mbaya hii," Futi akasema.

"Mbaya kabisa."

"Iweke."

Nyumbani, mkewe alikuwa amekaa mlangoni, mkono kwenye kombeo, anamenya machungwa kwa mkono mmoja na kuyakosa. Futi akamchukulia kisu.

"Ulijua ni fupi," akasema.

"Nani kakwambia?" Kisha akaacha. "Nilijua."

"Ukapanda."

"Ulikuwa umeifunga kitambaa chekundu, Baba Pacha. Ningefanyaje?" Halafu, kama aliyekuwa ameisubiri nafasi hiyo, akawaka. "Lakini sikiliza. Sitarudia. Nina shingo moja. Siku nyingine ukinuna, nuna mpaka upasuke, mimi nitapanda baiskeli nzima. Unanisikia? Miaka yote hii napanda kule juu, hujawahi kuniuliza kukoje. Mtu mwingine akiniuliza, unavimba!"

Futi akamenya chungwa lote, akamkatia vipande.

"Kukoje?" akauliza.

"Nini?"

"Kule juu."

Mama Pacha alimtazama kuona kama anamdhihaki. Kisha akaanza. Alimwambia habari za mzee anayefunika mita yake kwa beseni na kudai imeibwa. Za mbwa aliyemfukuza mwaka mzima na sasa anamsindikiza nyumba hadi nyumba. Za mama mmoja asiye na mtu, anayelalamika kila mwezi kwamba mita ina kasoro, ili tu aje akae kidogo. Alieleza jinsi anavyoacha kukanyaga pedali pale njia inapoanza kushuka, baiskeli ikaenda yenyewe, na hapo ndipo huwa anacheka. Futi alimtazama mdomoni mpaka alipomaliza. Aliniambia ilikuwa kazi ngumu kuliko kushona suti, kwa sababu kila baada ya muda alikuwa anafikiri: haya yote yule bwana alishayasikia.

Mfupa uliunga. Mama Pacha akarudi kilimani na ile foki ya kijivu. Alisema inatikisa mikono kwenye changarawe, lakini inakwenda inakoambiwa, na kwenye kona anaweza kuinama bila kuomba dua. Baiskeli ikihitaji fundi, anaipeleka kwa Spoku. Ni fundi mzuri na hakuna mwingine karibu. Mara nyingine Futi anafuatana naye, wanakaa watatu wanabishana juu ya matairi. Mara nyingine ana wateja, hawezi kwenda, na siku hizo mimi upande wangu wa pazia nalisikia cherehani linakwenda vibaya, linakimbia na kukwama.

Wivu haukumwisha. Angesema umekwisha ningemcheka. Ila siku hizi akifika nyumbani huutoa mwenyewe, kama mtu anayevua kofia.

"Leo nimekuonea wivu," anamwambia mkewe.

"Wa asubuhi au wa mchana?"

"Wa mchana."

"Mchana nilikuwa kwa yule wa beseni. Kaificha tena mita."

"Kaificha wapi safari hii?"

"Ngoja nivue viatu, nitakwambia," anasema Mama Pacha, na tayari anacheka.